Ugonjwa Usio na Jina, Kila Mtu Huupa la Kwake

Binti yetu ana miaka miwili na miezi mitatu, na uzito wa kilo tisa. Amelazwa mara sita kwa nimonia, na sasa madaktari wanatuambia huenda baadhi ya hizo hazikuwa nimonia. Ni nini basi? Hatujajua. Tunaishi Uyole hapa Mbeya, mimi ni fundi simu Mwanjelwa, mama yake anashona nguo, na ni zaidi ya mwaka tunasubiri jina la ugonjwa.

Nilichojifunza mapema ni kwamba jina likikosekana, watu hawakuachi hivi hivi. Wanakugawia. Duka la dawa walisema pumu. Jirani mmoja alisema mtoto kabemendwa, na ukishaambiwa hivyo mtaani, wewe na mkeo mnaanza kuangaliwa kwa jicho jingine. Wengine wakasema kimeo. Kila jina linakuja na tiba yake, na kila tiba inataka hela. Nyingine inataka damu.

La kimeo ndilo lililotutoa jasho. Mama yangu alikuja toka Tukuyu kutusaidia. Asubuhi moja nikarudi nyumbani kuchukua chaja niliyosahau, nikakuta mtoto yuko mgongoni kwa bibi yake, blanketi juu, noti ya elfu tano imefungwa kwenye pindo la khanga.

"Mama, safari ya wapi?"

"Hapo tu, baba. Kuna mzee anakata kimeo. Wewe mwenyewe ulikatwa ukapona."

Mtoto ambaye oksijeni yake ni ndogo, akikatwa kooni akavuja damu au akapata maambukizi, hana akiba ya kupambana nayo. Hilo nalijua. Lakini mama hafundishwi na mwanawe mlangoni. Nikamwomba avumilie hadi Alhamisi, siku ya kliniki, aende yeye na mkwewe badala yangu. Daktari akamwamkia vizuri, akamvalisha kile chombo cha masikioni, akakiweka mgongoni kwa mjukuu wake asikilize. Mama anasema alisikia kama chumvi iliyotupwa motoni. "Koo halilii hivyo," alimwambia mke wangu wakati wanatoka. Toka siku hiyo ukija kwetu na habari za kimeo, utamalizana na yeye.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: yule mwenye sauti nyumbani kwenu mpeleke hospitali asikie mwenyewe. Usiwe mkalimani wa daktari kwa wakwe na wazazi, utachoka bure.

Daktari wa watoto alitueleza kwamba kuna kundi la magonjwa adimu yanayokaa kwenye nyama laini kati ya vifuko vya hewa na mishipa ya damu. Hewa inaingia vizuri, ila oksijeni inapata shida kuvuka. Ndiyo maana mtoto anahema haraka, anakohoa, hanenepi. Lakini kabla ya kufika huko lazima yale ya kawaida yatolewe njiani: TB, VVU, sikoseli, tundu kwenye moyo, maziwa kupalia na kuingia mapafuni. Mimi nilikuwa nakasirika kila tukiandikiwa kipimo kingine, kisha majibu yanarudi safi. Hata dawa za TB alimaliza miezi sita, kwa sababu mtoto wa umri ule hawezi kutema makohozi yakapimika vizuri, na uzito ukabaki pale pale. Leo sijutii. Kila jibu safi lilikuwa linatupunguzia orodha.

Kilichotusogeza hasa ni kaunta buku na simu. Kila usiku akishalala nahesabu pumzi dakika nzima. Usihesabu sekunde kumi na tano ukazidisha, mtoto hapumui kwa mpangilio. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni haraka. Wa kwetu anacheza kwenye 56 akiwa usingizini, hana homa. Halafu namrekodi: kifua wazi, taa inawaka, redio imezimwa. Miezi yote ya mwanzo tulikuwa tukifika kliniki mtoto ama analia ama ametulia kabisa, na tunarudi na dawa ya kikohozi. Siku nilipoweka ile video mezani, daktari aliiangalia mara tatu, akavuta kiti karibu, akaanza kuuliza upya toka kuzaliwa.

Kisha tukanunua oksimita, kile kidude cha kubana kidoleni kinachoonyesha asilimia ya oksijeni kwenye damu. Angalizo kwa watu wa nyanda za juu: asubuhi ya Juni, mtoto mwenye vidole vya baridi atakupa namba ya kukuua kwa presha. Mpashe mkono kwanza, subiri namba itulie, ndipo uandike.

Tulipopewa rufaa ya Muhimbili tulipanda basi, zaidi ya kilomita 800. Nyumbani alikuwa 91. Mafinga, kwenye baridi ile, 87, na mimi jasho linanitoka. Tukashuka Kitonga, tukafika Ruaha Mbuyuni, wauza vitunguu wako dirishani, nikapima: 94. Dar akafika 96. Mke wangu akapiga simu nyumbani kwamba mtoto amepona! Hakuwa amepona. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kila pumzi inabeba oksijeni kidogo kuliko ya pwani. Mtu mwenye mapafu mazima haoni tofauti. Kosa langu ni kwamba sikumuuliza daktari kabla ya safari kama mtoto anahitaji oksijeni njiani. Wewe uliza, na umwambie barabara inapita wapi.

Hapa kwetu nimebadilisha jambo moja ambalo halikugharimu kitu: jiko haliingii ndani. Najua baridi ya Mbeya ilivyo, na wengi tumekulia kwenye chumba chenye jiko la mkaa katikati na dirisha limefungwa. Ule mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, mbali na moshi. Siku hizi tunamvalisha sweta mbili na soksi. Chakula anapewa kidogo kidogo mara nyingi, kwa sababu kuhema nako kunakula nguvu: uji wenye karanga, parachichi, maziwa. Chanjo haturuki hata moja.

Na midomo ikigeuka bluu, akishindwa kunyonya au kula, mbavu zikizama kila anapovuta hewa, au akilegea usingizi usio wa kawaida, achana na daftari. Kimbia hospitali.

Picha ya CT imeshapigwa na damu imepelekwa nje ya nchi kupimwa vinasaba. Majibu bado. Wateja wakiniuliza mtoto anaumwa nini, najibu "mapafu, bado wanachunguza," kisha nawauliza simu yao ina tatizo gani.

Jana nimerudi nimekuta amembana bibi yake kidole na ile oksimita. "Bibi, tulia." Bibi ametulia kweli, mkono juu ya kigoda, ugali unaungua jikoni. 95. Alininyooshea daftari, ikabidi niandike.