Kusubu na kufua: swali la mwalimu wa karakana

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Jinja. Mimi ni mwalimu wa karakana, na kwa sasa naandaa mafunzo ya ufundi wa metali kwa Kiswahili. Katika kamusi nimekuta kitenzi "kusubu", ambacho wanafunzi wangu hawajapata kukisikia. Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba "kufua" kunatosha kwa kazi zote za chuma. Naomba unieleze maana yake na namna kinavyotumika katika sentensi.

JIBU: Ndugu Mwalimu, kusubu ni kumimina metali iliyoyeyuka ndani ya kalibu ili ikiganda ichukue umbo la kalibu hiyo. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao asili yake ni kumimina, lakini Kiswahili kimelifunga kwenye kazi ya metali peke yake: chai humiminwa, haisubiwi.

Mwenzako simuungi mkono. Kufua chuma ni kukipiga nyundo juu ya fuawe kikiwa chekundu kwa moto, laini kiasi cha kukunjika, lakini hakijayeyuka. Wahunzi wa Bunyoro, magharibi mwa Uganda, ambao majembe yao yalisifika tangu zamani, walikuwa wafuaji hasa. Chuma kitupu huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538 za Selsiasi, na tanuri za udongo zilizovuviwa kwa mivukuto hazikufikia joto hilo. Zilichotoa ni bonge lenye vitundu, limechanganyika na mavi ya chuma, ambalo ilibidi lipashwe moto na kupigwa tena na tena mpaka taka zitoke. Kusema kwamba wazee hao walisubu majembe ni kupotosha historia ya ufundi wao, na kusema kwamba sufuria nzito za alumini zinazotengenezwa Katwe, Kampala, zimefuliwa ni kosa lile lile kwa upande wa pili.

Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 tu, ndiyo maana fundi wa mtaani huimudu. Huchukua sufuria iliyokwisha tengenezwa iwe kielelezo, akaishindilia mchanga laini wenye unyevunyevu ndani na nje katika fremu mbili, kisha akazitenganisha fremu, akaitoa sufuria na kuzirudisha fremu mahali pake. Uwazi uliobaki ndio kalibu. Humo humiminwa alumini iliyoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu vya injini na vyombo vilivyovunjika. Waambie wanafunzi wako wapitishe kidole kwenye sufuria ambayo haijasuguliwa: watahisi chembechembe za mchanga, na pengine mstari mwembamba pale fremu mbili zilipokutana. Mstari huo hauwezi kupatikana kwenye jembe lililofuliwa.

Wengine huandika "kuyeyusha" wakikusudia kusubu. Kuyeyusha ni hatua ya kwanza tu, kwa kuwa mtu aweza kuyeyusha metali akaiacha igande ndani ya chungu kile kile bila kupata chombo chochote. Kuchomelea nako ni kuunganisha vipande ambavyo tayari vina umbo.

Kwenu Jinja mna mfano mkubwa kuliko huu wa sufuria. Kuanzia mwaka 1956 shaba ya Kilembe, karibu na Kasese, ilisafirishwa kwa reli hadi kiwanda cha kuyeyushia cha Jinja, ambacho kilitegemea umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Shaba huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,085, na ilipotoka tanurini ilisubiwa kuwa mapande ya kusafirishwa nje. Mwanafunzi wa Jinja ana haki ya kulijua neno la kazi iliyofanyika mjini kwake.

Kuhusu unyambulishaji, kifuate kitenzi "kujaribu": subu, subia, subiwa, subika, subisha. Tunasema "fundi amesubu kengele", "kengele imesubiwa kwa shaba", "alumini husubika kwa urahisi", na "chombo cha kusubia". Katika kukanusha kwa wakati uliopo, irabu ya mwisho haibadiliki: "hasubu". Nakushauri usiunde nomino "usubi", ingawa huenda ikakujia haraka, kwa sababu usubi ni wadudu wadogo wanaouma, na neno hilo hutumika pia kwa ugonjwa wa upofu unaoenezwa na inzi wa mitoni. Andika "kazi ya kusubu", nawe utaeleweka.

Ikiwa utabandika maelekezo ukutani, la kwanza liwe hili: "Usisubu katika kalibu iliyolowa." Unyevu wa kushikanisha mchanga unatosha, maji yakizidi hugeuka mvuke ghafla yanapokutana na metali ya moto, na mvuke huo hutoboa matundu ndani ya chombo, au huirusha metali usoni mwa aliyeishika koleo.