Kwa Mtu Mzima Anayetafuta Darasa la Mchana la Kazi za Mikono

Nilipostaafu nikiwa na miaka 60 nilihama Dar es Salaam, nikarudi Tanga, mji niliouacha nikiwa msichana. Jioni hazikunisumbua, kwa kuwa jamaa walipita kunijulia hali. Mchana ndio ulionishinda, kwani kuanzia saa tatu kila mtu alikuwa na pake pa kwenda, nami nimebaki na redio na paka wa jirani. Nawaandikia wale ambao mchana wao umekuwa mrefu ghafla, awe mstaafu, mama aliyehamia mji mgeni kumfuata mume, au mfanyakazi wa zamu ya usiku, na ambao wangependa kujifunza kazi ya mikono pamoja na kupata watu wa kuzungumza nao.

Jambo la kwanza ni kuamua unatafuta nini zaidi, ujuzi au wenzio, kwa sababu mara nyingi havipatikani mahali pamoja. Mimi nilianza na ujuzi. Vyuo vya VETA, yaani vyuo vya serikali vya ufundi stadi, vina kozi fupi za ushonaji, mapishi na nyinginezo, na viko pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, 54 kwa nchi nzima, vilivyoanzishwa tangu mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, ambavyo kwa asili yake vilikusudiwa watu wazima. Nilijiandikisha kozi ya ushonaji, na sijutii, maana nilijifunza kukata kitambaa kwa vipimo badala ya kukisia. Hata hivyo wanafunzi wenzangu walikuwa vijana waliokuwa wakiutafuta mkate; kipindi kikiisha walikimbilia daladala, nami walinisalimia "shikamoo mama" kwa adabu ambayo haikuacha nafasi ya mazungumzo. Anayetaka ujuzi wa kumpatia kipato na aende huko moja kwa moja. Anayetaka wenzake hana budi kwenda kwenye vikundi.

Vikundi havitangazwi. Njia niliyoiona nyepesi ni kwenda ofisi ya kata na kumwona afisa maendeleo ya jamii, kwa kuwa ndiye anayevijua vilivyosajiliwa, vinakutana wapi na siku gani. Njia nyingine ni sokoni: ukimkuta anayeuza mikeka, makawa au vikapu, muulize nani amesuka, kisha ukamtafute msukaji mwenyewe. Siku hiyo nunua kitu hata kama ni kidogo, kwa sababu anayeuliza maswali mengi na kuondoka mikono mitupu hudhaniwa ni mpelelezi wa bei.

Hapa sharti niseme kosa langu. Kikundi cha kwanza nilichojiunga nacho kilijiita cha ususi na ushonaji. Nikalipa kiingilio, nikashonesha sare, na kwa miezi mitatu sikuona hata sindano. Kilikuwa kimeundwa ili kuomba mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 huenda kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kuomba mkopo si dhambi, na vikundi vingi vya kweli vimenufaika nao, lakini mimi nilikuwa nimeongezwa ili idadi itimie. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, omba kuhudhuria mara mbili kama mgeni, utazame mikono ya watu inafanya nini, uulize kama kuna hisa za kila wiki na faini ya kuchelewa, na uombe kusomewa katiba. Wakichukia kuulizwa, umekwisha kujibiwa.

Kikundi nilicho nacho sasa hukutana Ngamiani, hapa hapa mjini Tanga, barazani kwa mtu, baada ya sala ya adhuhuri hadi alasiri, wakati ambao chakula kimekwisha kuliwa na jua halijapoa. Tunasuka ukili, ule ukanda mrefu unaoshonwa pamoja kuwa mkeka, kwa ukindu, yaani majani ya mkindu. Anayetufundisha ni mdogo kwangu kwa miaka ishirini na zaidi, ananiita mama, nami namwita mwalimu, na ilinichukua muda kuizoea hali hiyo. Siku ya kwanza alinipa chane, yaani ukindu uliokwisha kuchanwa vipande vyembamba, na kunianzishia ukili mwembamba, akaendelea na wake. Baada ya saa nzima nilimwonyesha kiasi cha shubiri mbili, nikitarajia sifa. Aliupitisha katikati ya vidole, akaufumua wote bila kusema neno, kisha akasema, "Mama, chane zako hazilingani. Ukili ukianza kupinda hapa, mkeka utakuja kupinda mlangoni." Akanirudisha kwenye kuchana ukindu, kazi niliyoifanya kwa wiki mbili: kuupangusa kwa kitambaa chenye unyevu usikatike, kuuchana kwa ukucha na kulinganisha upana. Mtu mzima aliyezoea kuwa mkuu wa ofisi huumia kufumuliwa mbele ya watu, na nimeona wawili walioacha kwa sababu hiyo tu. Nawashauri mvumilie mpaka pima ya kwanza ya ukili, urefu wa mikono miwili iliyotandazwa, itoke imenyooka.

Msidhani pia kwamba kusuka pekee kunatosha kuwafanya wenyeji. Nilihudhuria miezi minne nikiwa mgeni bado; wakizungumza mambo yao walipunguza sauti. Kisha mmoja wetu alifiwa, baraza likafungwa, nami nikaenda msibani pamoja nao, nikakaa jikoni kuchambua mchele hadi usiku. Wiki iliyofuata hakuna aliyepunguza sauti. Kwa hiyo ratiba ya kikundi ichukueni kama ilivyo: misiba huivunja, harusi huivunja, na Ramadhani huibadilisha.

Kwa wanaume sina mengi ya kusema, isipokuwa kwamba baraza la bao huwapa wenzao upesi kuliko karakana yoyote.

Atakayeanza asiende Ijumaa, siku ambayo wengi wana shughuli za nyumbani na sala. Achukue shazia, yaani sindano kubwa ya kushonea mikeka, mkasi, kitambaa kibovu cha kulowanisha na leso ya kukalia. Ukindu asinunue kwanza. Atapewa, na akikosea hautakuwa wa fedha yake.