Bunduki imekaa kwa fundi tangu masika, niihamishe?

Mkuu wa Moshi unayeuliza kama uichukue bunduki yako ya .375 iliyopasuka kitako (ile mbao ya kuegemeza begani) umpelekee fundi wa kuchomelea anayekuahidi siku mbili: usithubutu. Mimi niko stoo ya silaha kwenye kampuni ya uwindaji hapa Arusha, na kuwafuatilia mafundi ni sehemu ya mkate wangu.

Foleni kwanza. Mafundi wa silaha wenye leseni ni wachache, na msimu wa uwindaji unafunguliwa Julai 1. Ikifika Mei kila kampuni inakumbuka bunduki zake kwa mpigo. Wewe mwenye bunduki moja unawekwa nyuma ya kampuni yenye wageni wanaoshuka uwanja wa ndege wa KIA. Si haki, lakini ndivyo ilivyo. Ndiyo maana sisi za kwetu tunazipeleka msimu ukifungwa tu, fundi akiwa bado anapiga soga mlangoni.

Halafu kazi yenyewe. Kitako cha .375 mara nyingi hupasuka kwa sababu chuma hakijakaa sawasawa kwenye mbao, basi kila risasi teke lote linaishia sehemu moja. Gundi peke yake itaficha ufa tu. Fundi anayejua atachonga upya pale chuma kinapolala, ajaze epoksi, aiache ikauke hadi kesho yake, ajaribishe, ndipo aanze kupaka mafuta, mkono mwembamba baada ya mwingine, kila mmoja ukauke kwanza. Kwa unyevu wa masika hayo mafuta yanakausha roho. Na kama ulimwomba autie weusi mtutu kwa njia ya zamani, hapo ndipo subira. Anapaka dawa, anaacha kutu ishike, anachemsha kwenye maji mpaka ile nyekundu igeuke nyeusi, anasugua kwa waya laini, anaanza tena. Raundi nyingi.

Sasa, wapo pia ambao hawajaigusa kabisa. Usipige simu, jibu la simu ni "iko mwishoni, bosi". Nenda. Mwombe akuonyeshe. Ukikuta kitako kimetengwa na chuma na pameshachongwa, kaa na amani. Ukikuta bunduki imesimama kabatini na kikaratasi cha jina lako kiko palepale, fundo lilelile ulilofunga wewe, muulize taratibu anasubiri nini. Kama ni spea, akuonyeshe oda. Kama ni hela, malizaneni, ila usimpe yote.

Ukiamua kuhama, hamia kwa mwenye leseni mwingine, na uichukue mwenyewe ukiwa na karatasi zako. Huyo wa kuchomelea, moto wake unalainisha chuma kilichotiwa ugumu kiwandani, na hicho chuma kiko sentimita chache kutoka jichoni pako. Polisi wakiikuta kwake, wa kwanza kuitwa ni wewe mmiliki. Popote unapoiacha, risiti iandikwe namba ya silaha, siyo "bunduki 1, kitako".

Tarehe utakayompa iwe wiki kadhaa kabla ya siku ya kuingia porini. Kitako kikishafunguliwa, darubini haipigi tena pale ilipokuwa inapiga, kwa hiyo tenga na risasi za kulengea shabaha upya.