Jibu: Archos Jukebox 6000 inafaa bado?

Ndugu, umeuliza kama Archos, kile kicheza muziki cha zamani cha mkononi ulichokikuta kwa fundi, inafaa kununua, na kwa nini diski yake inavuma kidogo kisha inatulia. Huo mvumo si ubovu. Ndani mna diski ya GB 6, ya inchi 2.5 kama zilizofungwa kwenye laptopu. Mashine inavuta kipande cha muziki na kukiweka kwenye memori yake ya MB 2, diski inasimama, kipande kikikaribia kuisha inaamka tena. Ndivyo inavyookoa betri. Ukisikia kugonga, tak tak, hapo nakili mafaili upesi.

Angalia sana betri. Zinaingia nne za AA, za kuchaji. Usithubutu kuweka zile za kawaida halafu ukachomeka chaja, zinaweza kuvuja au kupasuka.

Inacheza MP3 peke yake. Lakini kompyuta inaiona kama diski ya nje, unaburuta mafolda basi, huhitaji programu maalumu ya kupangia muziki, ingawa kompyuta nyingine zinaweza kudai kiendeshi chake (driver). Kwangu hilo linashinda iPod ya 2001. Uvumilivu tu: USB yake ni ya 1.1, ya kale na ya polepole, kuijaza kunachukua saa kadhaa.

Weka pia toleo la zamani la Rockbox, programu ya kuendesha mashine badala ya ile ya kiwandani. Programu hiyo huria ilianzia kwenye mashine hizi hizi, na inaweza kukusomea menyu kwa sauti. Kwa asiyeona, huo ni msaada mkubwa mno.

Kama bei ni ndogo na diski haigongi, chukua.