Kabla hujazima wimbo wenye shetani, msikilize kwanza

Miaka kadhaa iliyopita nilipiga muziki kwenye shughuli ya kipaimara, Nkuhungu, Dodoma. MC alishasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", pilau imeanza kutoka, upepo wa Julai unapigapiga maturubai. Mzee mmoja wa koti la suti akaja mpaka kwenye mashine, akaniomba wimbo wa ujana wake, ule wa Mmarekani Elvis Presley wa 1963 wa shetani aliyejificha. Nikauweka. Unaanza taratibu kama wa kubembeleza, halafu ghafla unashika kasi, na kwenye kasi hiyo ndipo shetani anapotajwa kwa sauti ya watu wote.

Mama mwenye shughuli akaja mbio, kitenge mkononi. "Mwanangu, umetuletea shetani kwenye kipaimara cha mtoto? Zima!"

Nikazima. Mzee akarudi kwenye kiti chake bila neno. Chenji yangu iliyobaki niliifuatilia wiki tatu.

Sasa, shetani wa Elvis wala si Shetani. Ni mwanamke anayetembea kama malaika na kuongea kama malaika, kumbe tapeli wa mapenzi. Mama simlaumu, yeye alisikia jina tu. Wa kulaumiwa nilikuwa mimi, ninayepiga wimbo bila kujua nani anamwambia nani. Toka siku hiyo, wimbo wenye jina hilo nausikiliza peke yangu kwanza, na swali langu ni moja: humu ndani shetani amekuja kufanya kazi gani?

Majibu hayafanani hata kidogo. Chukua wimbo wa Charlie Daniels Band wa 1979. Shetani anafika Georgia, Marekani, roho za kuiba zimemwadimikia, anamkuta kijana Johnny anapiga fidla. Wanashindana: Johnny akishindwa anatoa roho, akishinda anapewa fidla ya dhahabu. Johnny anashinda. Sisi wa huku tuliokua tukisikia zeze la Kigogo tunauelewa mchezo huo bila mkalimani, maana upinde ukipita kwenye nyuzi na mpigaji akajisikia, hata wazee wanainuka. Shetani wa humo ni wa kuchekesha, karibu umwonee huruma. Ila DJ mwenzangu, angalizo: mwishoni Johnny anatoa tusi. Ipo nakala ya redio iliyolainishwa, tafuta hiyo.

Halafu kuna Robert Johnson, mpiga gitaa wa blues aliyefariki 1938 akiwa na miaka 27. Hadi leo watu wanasema aliuza roho njia panda ili apate ufundi wa vidole. Wimbo wake wa njia panda wa 1936 nimeusikiliza mara nyingi: shetani hatajwi. Mtu anapiga magoti anamwomba Mungu amhurumie. Ukijiuliza maneno yalitoka wapi, kumbuka vijiweni kwetu msanii akinunua gari tu, tayari ni Frimasoni.

Mzazi mwenye kijana wa magitaa ya kelele nimwambie hili: usivunje simu. Kaa naye, mwambie akutafsirie mstari kwa mstari. Wimbo wa bendi ya Iron Maiden wa 1982 wenye namba ya mnyama uliwafanya watu Marekani wachome sahani zao za muziki, lakini mtunzi wake, Steve Harris, alikuwa anasimulia jinamizi. Anayeimba amejaa hofu. Na kama kijana akishindwa kutafsiri, basi alikuwa anapenda gitaa tu, mmalize chai yenu.

Aliyenikalisha chini ni shetani wa bendi ya Rolling Stones, wa 1968. Huyo hana pembe. Ni bwana mwenye mali na adabu, anajitambulisha taratibu, anahesabu vita na mauaji aliyoyashuhudia. Akifika kwenye mauaji ya akina Kennedy, wale ndugu wanasiasa wa Marekani, anauliza nani aliwaua, kisha anajibu kwamba ni sisi, mimi na wewe. Yaani lawama tuliyombebesha anaturudishia mlangoni.

Nikalinganisha na nyimbo zetu. Kwenye kwaya shetani ni adui wa kukanyagwa, na vumbi la Dodoma linatimka kweli, hapo sina neno. Ila ukiingia kwenye nyimbo za mapenzi unamkuta mwingine: shetani aliyenipitia. Mume karudi alfajiri, mshahara haupo, shati lina harufu ya marashi ya mtu, naye anaimba kwa sauti tamu kwamba mama watoto nisamehe, ni shetani tu alinipitia. Nyimbo za namna hiyo ninazo folda nzima. Zinapigwa kwenye send-off mbele ya bibi harusi na hakuna anayekuja mbio na kitenge. Kama una mtoto wa kiume nyumbani, shetani huyo ndiye wa kumkalia kitako mkazungumza, maana anamfundisha kuomba msamaha bila kukiri kosa. Mimi kwenye send-off nimeacha kuzipiga, wakiniomba nasema flashi imegoma.

Mwaka jana yule mama akanipigia, mdogo wa yule mtoto aliyepata kipaimara sasa ndiye anafuata. Tukapatana bei, safari hii nikalipwa yote mapema. Kabla hajakata akasema, "Na ule wimbo wa kaka yangu, yule wa koti la suti, usiusahau. Ila upige mchungaji akishaondoka."