Chuo kinasema "ni siri", siri ya nani?

SWALI: Shikamoo anti. Mi nipo mwaka wa pili chuo kimoja hapa nchini. Mwaka jana mabinti wawili wa darasa letu walipeleka malalamiko dawati la jinsia kuhusu lekchara mmoja, anaita watu ofisini jioni eti wajadili kozi weki (alama za kazi za darasani), ukikataa unakutana na sapu, yani mtihani wa kurudia. Wakaandika maelezo, wakasaini, wakaambiwa wasubiri. Mpaka leo kimya na lekchara ndo atasahihisha UE yetu (mtihani wa mwisho wa muhula). Tukiuliza tunaambiwa suala ni la siri. Sasa kwenye grupu letu la WhatsApp wenzangu wanataka tukusanye majina ya malekchara wote wanaosemwa tuyarushe Twitter usiku mmoja. Naogopa, ila sioni njia nyingine. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hasira ya wenzako naielewa kabisa ila hayo majina msiyarushe. Aprili 2016 pale Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, ilirushwa Facebook orodha ya majina 11 ya wanaume, hamna maelezo nani kafanya nini, majina tu, ila chuoni ikaeleweka ni tuhuma za ubakaji. Wanafunzi wakaingia bweni kwa bweni kuwatafuta waliotajwa, yakafuata maandamano, polisi, risasi za mpira, chuo kikakimbilia mahakamani kuomba zuio, na 2017 mabinti wawili kati ya walioandamana wakafukuzwa chuo maisha. Yani watu waliacha kuuliza chuo kinashughulikiaje kesi za ubakaji wakaanza kuuliza wanafunzi walifanya nini usiku ule. Na huku kwetu Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, lekchara mwenye hela ya wakili hatahangaika kujibu habari za sapu, ataanza na nyie.

Sisemi mnyamaze, hapana. Novemba 2018 Dk. Vicensia Shule, mhadhiri wa UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), alimwandikia Rais Magufuli Twitter kwamba rushwa ya ngono imetamalaki hapo chuoni, wakati rais amekuja kuzindua maktaba. Hakutaja jina la mtu hata mmoja na nchi nzima ikaongea.

Sasa hiyo siri. Siri ipo kumlinda aliyelalamika, jina lake na alichofanyiwa. Chuo kikificha hata idadi ya malalamiko hapo hakimlindi binti yeyote, kinajilinda chenyewe. Kwa hiyo tenganisheni mambo.

Kesi ya wale wawili ni yao. Waandike barua wenyewe, wataje tarehe waliyolalamika, waombe majibu kwa maandishi na waombe pepa zao zisahihishwe na mtu mwingine. Waende na nakala mbili masjala, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe warudi nayo hosteli, maana barua isiyo na muhuri kesho utaambiwa haikufika (haya mambo nimeyaona sana). Na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hawahitaji ruhusa ya chuo, namba ni 113, bure. Kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007 kinamhusu kabisa mtu anayetumia madaraka yake kudai ngono.

Nyie wengine dai lenu ni takwimu. Malalamiko mangapi yamepokelewa kwa mwaka, mangapi yamechunguzwa, yalichukua muda gani, mangapi yaliishia kwenye adhabu na adhabu gani, na hili msilisahau, ni mara ngapi mtumishi aliacha kazi uchunguzi haujaisha. Hapo ndo watu wanapopenyea, anaandika barua ya kuacha kazi leo, mwezi ujao anafundisha chuo cha jirani na faili lake safi. Ombeni takwimu za chuo kizima sio za idara, maana idara ndogo ukisema "lalamiko moja" kila mtu anajua ni nani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba na taasisi ina siku 30 za kujibu. Serikali ya wanafunzi ikigoma kusaini, saini yako inatosha, ila hao mabinti wasisaini hii.

Na wakikwambia haiwezekani, waambie kuhusu chuo cha Yale, Marekani. 2011 wanafunzi na wahitimu 16 walikishtaki chuo kwa serikali kuu yao, na 2012 Yale ikaanza kutoa ripoti kila miezi sita, kila lalamiko mistari michache, amelalamika mwanafunzi au mtumishi, dhidi ya nani kwa cheo, hatua gani imechukuliwa, hamna jina. Wa Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill walikwenda mbali zaidi, gazeti la wanafunzi la Daily Tar Heel liliomba mwaka 2016 majina ya wale ambao chuo chenyewe kilishawakuta na hatia, likanyimwa, likaenda mahakamani, 2020 likashinda kwenye mahakama ya juu ya jimbo. Miaka minne hiyo, nadhani wengi waliokuwepo mwanzoni walishahitimu, kwa hiyo waingizeni na wa mwaka wa kwanza mapema.

Siku 30 zikipita kimya niandikie. Wakijibu "hatuna takwimu" msikasirike, hakikisheni tu imeandikwa kwenye karatasi yenye nembo ya chuo, alafu hiyo ndo mrushe Twitter.