Na mwenye nyumba alikula nini?

Wiki hii mhariri ametuuliza: mtu ambaye hajafika Ulaya, na nauli ya kumfikisha hana, anasoma vitabu vya safari za huko kwa faida gani? Swali hili nimelizoea. Barazani kwangu naulizwa kila mara, na anayeuliza huwa anacheka.

Mimi ni fundi cherehani, Tanga. Mezani pangu pana mkasi, futi, chaki, na siku zote kitabu kimoja kilicholazwa kifudifudi nisije nikapoteza ukurasa. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kwa muuza vitabu vya mitumba kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada. Jina nililikuta ndani: A Time of Gifts, cha Patrick Leigh Fermor. Huyu alikuwa kijana wa miaka 18 alipoondoka London Desemba 1933. Akavuka bahari mpaka Uholanzi, na kutoka hapo akashika njia kwa miguu kwenda Istanbul, na matumizi yake yalikuwa pauni 1 kwa wiki. Aliyoyaona kijana aliyaandika mzee, maana kitabu kilitoka 1977.

Niseme kweli, makanisa yake nayaruka. Bwana huyu akishika dari moja iliyonakshiwa, haiachi upesi. Mimi namngojea pale jua linapozama na hajui atalala wapi. Ujerumani kwa mfano alikuta desturi moja: kijana asiye na kitu, msafiri wa miguu, akienda kwa mkuu wa kijiji anaandikiwa kikaratasi. Akikipeleka nyumba ya wageni anapata chakula cha usiku, bia, kitanda, na asubuhi mkate na kahawa. Gharama ni za kijiji. Sasa angalia ni lini haya: Hitler hajatimiza hata mwaka madarakani. Kijana anapita katikati ya bendera za Wanazi, na mkate anaupata vilevile. Usiku niliposoma hapo niliacha suruali ya mtu haijatiwa zipu, nikakaa nikiwaza wale waliompa mkate walikuwa watu gani, na miaka mitano mbele walikuwa wapi.

Munich aliibiwa shanta lake, pasipoti humo, pesa humo, daftari la safari humo. Balozi mdogo wa Uingereza akampa pauni 5, safari ikaendelea.

Kitabu chake cha pili, cha Hungaria na Romania, nilikipata baadaye, na hicho nilikuwa nawasimulia wenzangu barazani kwa Kiswahili huku nashona. Humo kijana anahama kutoka jumba la mkubwa huyu kwenda la mkubwa yule, kila mwenyeji anamwandikia barua ya kumpeleka kwa mwingine. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa farasi wa kupanda! Watu wakacheka. Ndipo mzee mmoja, mvuvi, ambaye siku zote husikiliza tu huku akitengeneza nyavu zake, akauliza: "Fundi, na mwenye nyumba alikula nini? Na aliyepika?"

Jibu sikuwa nalo. Tangu siku hiyo sisomi tena kitabu cha safari kama zamani. Namsikiliza msafiri kwa sikio moja, la pili liko jikoni.

Ni swali la mzee ndilo lililonipeleka kwa Salim bin Abakari. Huyu alikuwa Mngazija, mtumishi wa Mjerumani mmoja aliyeitwa Bumiller, na mwaka 1896 walitoka Berlin pamoja wakaenda Urusi hadi Siberia. Salim aliiandika safari ile kwa Kiswahili, na Carl Velten, Mjerumani mtaalamu wa Kiswahili, akaichapa Ujerumani 1901 katika mkusanyiko ulioitwa Safari za Wasuaheli. Fikiria hapo: bwana ndiye aliyekuwa na jina na pesa, lakini leo anayesomwa kwa safari ile ni mtumishi. Na hapa hapa Tanga alikuwapo Martin Kayamba, karani, aliyekwenda London 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Kwa hiyo anayesema vitabu hivi ni vya Wazungu wenyewe kwa wenyewe, aanze na hivyo viwili.

Lakini kisa kilichowakalisha wenzangu mpaka adhana ya Isha ni cha Ada Kaleh. Kilikuwa kisiwa kidogo, hata kilomita mbili hakifiki, katikati ya mto Danube, na wakazi wake Waturuki Waislamu. Wakubwa wa Ulaya walipogawana nchi za huko kwenye mkutano wa Berlin wa 1878, kisiwa kile walisahau kukitaja. (Miaka 6 baadaye walikutana Berlin tena, na Afrika hawakuisahau.) Leigh Fermor alipita hapo 1934, akanywa kahawa. Leo hata ukiwa na nauli hukioni: Romania na Yugoslavia zilijenga bwawa la umeme pale Milango ya Chuma, bonde jembamba la mto huo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 maji yakakifunika, na pale palipokuwa na msikiti na makaburi. Watu walihamia Uturuki, wengine wakabaki Romania.

Zulia la msikiti lilisalimika. Lilikuwa zawadi ya Sultani Abdul Hamid wa Pili, na sasa limetandikwa katika msikiti mkubwa wa Constanța, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi. Nikawaambia uzito wake ni karibu kilo 500.

Mzee mvuvi akaweka nyavu chini. "Kilo mia tano," akasema. "Walibeba watu wangapi?"